Juu ya Sanetti Hakuna Ngazi

Barabara ya Goba kwenda Dolo Mena, kusini-mashariki mwa Ethiopia, huanza kati ya mashamba ya shayiri na mistari ya mikalitusi. Inapanda, inapenya vichaka vya erika vilivyoota ndevu za kuvumwani, kisha inatokea juu ya uwanda wa Sanetti, penye mwinuko wa mita 4,000 hivi, na kuukata uwanda huo kabla ya kuporomokea kusini kwenye msitu wa Harenna, ambako mibuni hujiotea yenyewe chini ya miti mirefu. Msafiri atokaye kwetu hufika hapa na mlima wa kwetu kichwani. Anategemea kitu kama Kilimanjaro au Meru, umbo la pia, pana chini na lililochongoka juu. Milima ya Bale, ambayo uwanda huu ni sehemu yake, haiko hivyo. Ukishaumaliza mteremko unajikuta juu ya meza: nyasi fupi, vichaka vya majani ya rangi ya fedha, mabwawa ya maji meusi, mawe, na lobelia zilizosimama mojamoja kama walinzi waliosahauliwa zamu. Hata kilele cha Tullu Dimtu, chenye mita 4,377, kinaonekana kama kichuguu kikubwa kilichowekwa juu ya meza hiyo. Nilipita njia hii nikiwa na swali moja: dunia ikizidi kupata joto, fuko mkubwa wa Bale atahamia wapi? Jibu linalotolewa kila mahali ni fupi, kwamba atapanda juu. Nimeondoka nikiamini kwamba jibu hilo, kwa mlima huu na mnyama huyu, linapotosha, na umbo la meza hii ndilo lililonianzishia shaka.

Fuko wa kawaida tunamjua. Mkulima wa nyanda za juu za Kenya, wa miteremko ya Kilimanjaro, wa Rwanda au wa Kivu humjua kwa hasara: viazi vimeguguniwa kutoka chini, mgomba umelala bila upepo kuvuma. Yule wa Bale ni ndugu yake aliyekua kupita kiasi. Huweza kufikia karibu kilo moja, ana kichwa kipana kilichompa jina lake la kisayansi, Tachyoryctes macrocephalus, alilopewa na Mjerumani Eduard Rüppell mwaka 1842, na macho yake yako juu kabisa ya kichwa, kama ya kiboko. Sababu ya macho hayo huonekana anapokula. Udongo unatikisika, kizibo cha tope kinasukumwa nje, na kwenye tundu linatokea paji la uso lenye manyoya ya rangi ya ardhi ileile. Linatulia. Kisha mnyama anachomoza nusu ya mwili, makalio yakiwa bado shimoni, anang'oa nyasi zote anazoweza kuzifikia kwa meno yake ya rangi ya chungwa, anajaza mdomo, na kurudi kinyumenyume kama droo inayofungwa. Mara nyingi kuna ndege mdogo wa kahawia anayerukaruka kandokando akidonoa wadudu kwenye udongo uliofukuliwa, naye ndiye hushtuka kwanza adui akikaribia. Nyasi za karibu zikiisha, fuko huziba tundu na kufungua jingine mbele kidogo. Maisha yake yote yapo ndani ya mzunguko huo: udongo anaoweza kuuchimba, na majani yaliyo umbali wa shingo yake kutoka shimoni. Haishi mahali pengine popote duniani. Eneo lake lote ni kama kilomita za mraba 1,000, kati ya mita 3,000 na 4,150 hivi, na amewekwa kwenye orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka.

Nadharia ya kupanda juu haikutungwa hewani, na ni haki kuisikiliza kwanza. Kila ukipanda mita 100, hewa hupoa kwa nusu digrii na kidogo. Kwa hiyo joto likiongezeka digrii moja, hali ya hewa aliyoizoea mnyama inakuwa imesogea juu kwa mita 150 hadi 200, na mwenye miguu huifuata. Ushahidi ulio maarufu kuliko wote umetoka Yosemite, California. Kati ya 1914 na 1920 mtaalamu Joseph Grinnell na wenzake waliwatega na kuwaandika wanyama wadogo wa milima ile, tundu kwa tundu, na karibu karne moja baadaye watafiti wakarudi kwenye njia zilezile. Walikuta joto la chini la usiku limepanda kwa takriban digrii 3, na nusu ya aina 28 za wanyama waliowachunguza walikuwa wamesogea juu, kwa wastani wa mita 500 hivi. Kindi mmoja wa milia, anayeishi karibu na vilele, alikuwa ameachia sehemu kubwa ya chini ya makazi yake, na uchunguzi wa baadaye ukaonyesha kwamba utajiri wake wa vinasaba ulikuwa umepungua. Hayo yalichapishwa kuanzia 2008, na tangu hapo ngazi imekuwa ndiyo taswira ya kila mtu: wanyama wanapanda daraja moja baada ya jingine, hadi daraja liishe.

Lakini nusu nyingine ya Yosemite haikupanda. Mlima mmoja, karne moja, joto lilelile, na wanyama jirani wakafanya mambo tofauti. Hilo peke yake linatosha kumfanya mtu aulize ni kitu gani hasa kinachomfunga kila mnyama mahali pake, badala ya kuchukua kipimajoto na kuchora mstari. Tufanye hesabu ya ngazi kwa Bale tuone inatufikisha wapi. Mpaka wa chini wa fuko mkubwa uko mita 3,000. Joto likipanda digrii 2, mpaka huo unasogea hadi 3,300 na kitu. Digrii 3, unakaribia 3,500. Digrii 4, ambayo ni balaa kwa dunia nzima, unafika 3,700 au hivi. Sasa, sehemu kubwa ya uwanda wa Sanetti iko kati ya mita 3,800 na 4,200. Maana yake, kwa hesabu hii, joto linapanda kama maji kwenye miguu ya meza, na meza yenyewe inabaki kavu. Fuko angepoteza mabonde ya chini na kubaki salama juu, kwenye uwanda mpana, bila ule mkasa wa kilele chembamba unaowakabili viumbe wa milima yenye umbo la pia. Watu wengi wanaodhani nadharia ya ngazi ni ya kutisha hawajaifanyia hesabu mahali kama hapa. Hapa inafariji, na faraja hiyo ndiyo ninayoipinga.

Kwanza, juu ya meza hakuna chakula kila mahali. Ukitembea kusini mwa Sanetti unakuta mawe makubwa yamejipanga kwa mistari mirefu, kana kwamba mtu aliyatandaza kwa reki. Ni kazi ya baridi ya zama za barafu, ardhi ilipokuwa ikiganda na kuyeyuka na kuyasukuma mawe kando. Kati ya mistari hiyo udongo ni haba. Fuko mkubwa hustawi penye udongo wa kina na unyevunyevu wa kutosha, usiosimamisha maji: kingo za mabonde, pembezoni mwa mabwawa, vitako vya miteremko. Ramani ya joto huupaka uwanda mzima rangi moja ya kijani, ilhali mguu unaukuta umegawanyika mabaka: hapa vifusi vipya vya udongo vimejazana, hatua mia mbele hakuna hata kimoja kwa sababu mwamba uko kina cha kiganja. Mnyama anayeishi kwa kuchimba hawezi kuhamia kwenye jiwe kwa kuwa tu hewa iliyo juu ya jiwe hilo ni nzuri. Udongo wa milima hujijenga kwa maelfu ya miaka, na joto la karne moja halitausubiri. Na hata mimea ya hapo haina uhakika. Lobelia ya Ethiopia, binamu wa zile tunazoziona njiani kwenda Kibo, ilifanyiwa makadirio yaliyochapishwa mwaka 2016, na matokeo yalikuwa kwamba ifikapo 2080 huenda ikabakiwa na asilimia 3.4 tu ya mahali panapoifaa. Mmea ule unakaa juu ya meza hiihii. Kwa hiyo hesabu yangu ya mita, iliyouacha uwanda mkavu na salama, ilikuwa imepima sakafu pekee na kusahau mvua, ukame na mengine yote yaliyo hewani.

Pili, meza hii haiko peke yake, na hapa ndipo hoja yangu ilipo hasa. Makazi ya fuko mkubwa yana pande mbili. Kusini kuna Sanetti. Kaskazini kuna bonde la Web, lenye mwinuko wa mita 3,500 hivi, nyasi tambarare, mto, na mashimo ya fuko yaliyotapakaa hadi mtu hana pa kuweka mguu. Katikati kuna magenge, na tofauti ya mwinuko hufika mita 500. Mwaka 2024 ulichapishwa uchunguzi wa vinasaba vya mafuko 77 kutoka sehemu tisa za eneo lao lote, na jibu lake lilikuwa wazi kupita nilivyotarajia: wa kaskazini na wa kusini ni makundi mawili, na hakuna dalili kwamba yanachanganyika damu. Kilichowatenga ni mteremko na tofauti ya mwinuko, na huenda barafu iliyofunika kusini kati ya miaka 42,000 na 16,000 iliyopita iliukazia utengano huo. Irudie tena picha ya ngazi ukiwa na habari hii. Joto likipanda digrii 3, bonde la Web linafikiwa na mpaka wa chini. Fuko wa Web, kwa mujibu wa nadharia, anatakiwa apande Sanetti. Lakini genge lililo kati yake na Sanetti ni lilelile ambalo ukoo wake haukulivuka katika maelfu ya miaka. Ramani itaonyesha kwamba eneo la mnyama limehama kutoka kaskazini kwenda kusini. Mashimoni kitakachotokea ni kwamba wa kaskazini wamekufa na wa kusini wamebaki walipokuwa. Kukiita kitendo hicho kuhama ni sawa na kusema kwamba kijiji kimehamia mjini kwa sababu watu wa kijijini wameisha na wa mjini wapo.

Atatokea msomaji makini wa uchunguzi huohuo aniambie nimechagua nusu ya habari. Ni kweli: watafiti walikuta pia kwamba ndani ya kila upande mafuko wanachanganyika hata kwa umbali wa kilomita 16 au zaidi, jambo la ajabu kwa mnyama anayeonekana kama ameshonewa kwenye shimo lake. Ina maana kuna nyakati hutoka na kutembea juu ya ardhi, mbali. Nakubali, na nadhani ni habari njema kuliko zote katika suala zima. Lakini hebu tuangalie inasema nini. Inasema miguu anayo. Kwenye nyasi na ardhi ya mteremko wa wastani, anafika. Kwenye genge hafiki, ingawa amekuwa na muda mwingi kuliko tutakaompa sisi. Uwezo wa kutembea kilomita 16 unazidisha uzito wa genge, kwa kuwa unaondoa ile sababu nyepesi kwamba labda yeye ni mvivu wa kutembea.

Pingamizi zito zaidi ni la historia. Mnyama huyu, watasema, ameona mengi. Kwenye pango la Fincha Habera, mwinuko wa mita 3,469, wanaakiolojia walifukua mabaki ya watu waliokaa hapo kati ya miaka 47,000 na 31,000 iliyopita, wakati barafu ikiwa juu yao mlimani. Watu hao walitengeneza zana kwa mawe ya obsidiani yaliyopatikana juu ya mita 4,200, na walichokula kwa wingi ni fuko mkubwa, aliyechomwa motoni. Mifupa yake iliyoungua imejaa kwenye tabaka za pango. Taarifa hiyo ilitoka mwaka 2019 na kuwashangaza wengi waliodhani binadamu wa kale aliikimbia milima mirefu. Basi mnyama ameishi na barafu, ameishi na mwindaji, barafu imeyeyuka, joto limekuja, naye yupo. Kwa nini digrii mbili tatu zimuue?

Zingekuwa ni digrii peke yake, ningenyamaza. Mabadiliko yale yalichukua maelfu ya miaka, na kila mara kulikuwa na mahali pa kurudi: baridi ikizidi, ukanda wa nyasi za juu ulishuka na kutanuka kuzunguka mlima mzima, na joto lilipokuja ulipanda tena. Sasa hivi pa kushukia pamejaa. Chini ya mita 3,000 ni shayiri, ngano na miji ya Robe na Goba. Hata ndani ya hifadhi ya Milima ya Bale, tangu utawala wa Derg ulipoanguka mwaka 1991, makazi na mifugo vimeongezeka mno. Mwindaji wa Fincha Habera alimla fuko lakini aliliacha jani. Ng'ombe anakula jani lenyewe, na kwato zake zinashindilia udongo ambao fuko anauhitaji uwe laini. Mnyama aliyeokoka mara kumi kwenye nyumba yenye milango miwili si ushahidi kwamba ataokoka mlango mmoja ukishajengewa ukuta.

Wako wanaosema jambo jingine, nami nililifikiria sana niliposimama pale uwandani, mahali ambapo jua la mchana linababua shingo na usiku maji yanaganda. Fuko, wanasema, anaishi chini ya ardhi. Joto la nje likiruka huku na kule, shimoni mambo ni yaleyale. Huko nje hutoka kwa muda mfupi tu kila siku. Amejitia kwenye jokofu lake mwenyewe. Ningependa iwe hivyo. Shida ni kwamba jokofu halina chakula. Kila kinachoingia tumboni mwake kimeota juani, na kimeota kwa unyevu wa udongo wa juu, ule unaokauka kwanza. Ukame ukirefuka, majani yaliyo umbali wa shingo yake yanaisha upesi, naye analazimika kufungua matundu mengi na kutokeza kichwa mara nyingi zaidi, na kichwa hicho kina anayekisubiri.

Anayekisubiri ni mbwamwitu wa Ethiopia, mwekundu, mwenye miguu mirefu na mdomo mwembamba wa kuchomeka shimoni. Waamhara humwita bweha mwekundu, Waoromo humwita bweha wa farasi. Waliokomaa waliobaki duniani hawafiki 500, na zaidi ya nusu wako Bale. Karibu chakula chake chote ni panya wa namna mbalimbali, na palipo na fuko mkubwa, fuko ndiye mlo wa thamani. Ukimtazama akiwinda utaelewa: anatembea chinichini kama paka, anasimama, sikio moja mbele, anangoja tundu lifunguke. Watalii humjia yeye kutoka mbali, na ni vizuri, maana bila yeye nadhani hata hifadhi hii, iliyoingia kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2023, ingesahaulika. Ila kwa kweli picha yake ingepaswa kupigwa na shimo la fuko mbele. Bonde la Web likinyamaza, yeye hatapanda genge kwa ajili ya hewa ya baridi. Atakuwa ameshakosa kula.

Sasa nije kwenye ile erika niliyoipita njiani, maana ndiyo inayoamua mpaka kwa vitendo. Nadharia inasema joto likipanda, vichaka vitapanda na kumeza nyasi. Kwa Bale vichaka hivyo havina haja hata ya kupanda. Tayari viko juu, mafungu mafungu, vimejificha kati ya majabali ya Sanetti ambako moto hauingii. Kinachoviweka hapo ni moto wenyewe. Wafugaji wa Kioromo wa eneo hili wamekuwa wakichoma erika tangu zamani ili wapate majani machanga ya mifugo, kwa zamu na kwa akili, wakingoja vichaka vikomae kabla ya kuvichoma tena. Na mashapo ya ziwa Garba Guracha, lililo kwenye mita 3,950, yana masizi ya mioto ya miaka 14,000. Hapo wazo la kwamba kila mkanda wa mimea unasubiri amri ya kipimajoto linavunjika. Na sisi Watanzania tulipaswa kulijua mapema. Kilimanjaro, misitu ya erika imeteremka badala ya kupanda. Utafiti wa Andreas Hemp ulionyesha kwamba kwa sababu mlima umekauka, mioto imeula msitu wa juu tangu miaka ya 1970 na kuushusha mpaka wake, na hasara hiyo kwa maji ya mlima ni kubwa kuliko ya barafu ya Kibo ambayo kila mtu anaililia. Joto lilikuwa lilelile la dunia nzima. Mpaka ulikwenda upande wa pili.

Hapo ndipo mfugaji wa Bale anaweza kunigeukia, na ana haki: kama moto wa wafugaji unazuia vichaka visiumeze uwanja wa fuko, kwa nini ng'ombe walaumiwe? Na je, kuyaita yote mabadiliko ya tabianchi si njia ya kuwafurusha watu ambao hawana hata kiwanda kimoja? Sehemu ya kwanza naikubali nusu. Mfumo wao wa godantu, wa kupandisha mifugo malisho ya juu kwa msimu na kuishusha tena, uliipa nyasi nafasi ya kupumua, na sina shaka fuko alifaidika na moto ule kuliko alivyodhurika. Kilichobadilika ni kwamba msimu umegeuka mwaka mzima. Malisho ya chini yamelimwa, mvua hazitabiriki, shayiri inajaribiwa juu zaidi kuliko ilivyojaribiwa na mababu, na ng'ombe aliyekuja kwa miezi michache hana tena pa kurudi. Yeye naye amepandishwa ngazi. Ndiyo maana siwezi kutenganisha hesabu ya joto na hesabu ya mifugo, kana kwamba ni wadaiwa wawili tofauti. Joto linafika kwenye shimo la fuko likiwa juu ya kwato za ng'ombe. Kuhusu kufurusha watu, sioni popote katika ushahidi huu panaposema hivyo. Unachosema ni kwamba godantu irudishiwe uwezo wake wa kushuka, na hilo linadai malisho huko chini, kazi ya serikali na wapangaji wa ardhi zaidi kuliko ya mchungaji mwenye fimbo.

Atabaki anayeuliza kwa nini tujisumbue na panya wa Ethiopia. Tuliuacha mto Web ukipita katikati ya bonde la fuko; teremka nao. Maji yake huungana na ya Genale na Dawa karibu na Dolo, mpakani, na kutoka hapo jina linakuwa Juba. Mto huo unapita Somalia yote ya kusini na kuingia Bahari ya Hindi karibu na Kismayu, mwambao wa Wabajuni, ambao Kiswahili chao ni cha kale kuliko cha magazeti yetu. Udongo unaofukuliwa na kugeuzwa usiku na mchana pale juu ni paa la bonde la mto wao. Sitadai kwamba mvuvi wa Kismayu anamtegemea fuko. Nadai kwamba nyasi na mabwawa yanayomlisha fuko ndiyo yanayoyashika maji kabla hayajaanza safari, na kwamba yeye, kwa kuwa anakufa mahali pake bila kuhama, ni kipimo kinachosomeka kwa macho: vifusi vipya vipo, au havipo.

Kwa hiyo ningependa watu waache kuniuliza atapanda mita ngapi. Swali linalojibika ni hili: ni mabaka yapi yenye udongo wa kina na unyevu, kaskazini na kusini, yaliyobaki bila ng'ombe wa mwaka mzima, na je, kuna njia ya nyasi inayoyaunganisha kila upande kwa upande wake? Upande wa Web ndio wa kuhesabiwa kwanza, kwa kuwa ndio wa chini, ndio wenye watu wengi, na ukipotea hakuna kitakachoshuka kutoka Sanetti kuujaza. Kuna wanaotaja wazo la kuwabeba mafuko kwa mikono na kuwavusha genge. Nalichukulia kwa uzito, ingawa linanipa mashaka: Sanetti penye udongo mzuri tayari pana wenyewe, na kuzichanganya damu mbili zilizoachana kwa maelfu ya miaka ni uamuzi usiofutika. Mgeni hapokewi kwenye nyumba isiyo na chumba.

Kusini, barabara inaanza kushuka kwenda Rira. Vifusi vya fuko vinaandamana nayo kwa muda, vya jana vikiwa vyeusi, vya juzi vimekwishageuka kijivu kwa jua. Kisha uwanda unakatika, na gari linaelekea chini kwenye kona za mfululizo. Hapo ukingoni erika zimesimama, mashina yakiwa na masizi ya moto wa zamani na machipukizi mapya mekundu yakitoka miguuni mwake. Kifusi cha mwisho nilichokiona kilikuwa hatua chache tu kutoka kwenye machipukizi hayo, kibichi, na kizibo chake bado kilikuwa na alama za meno.